Unasafiri Nje ya Nchi? Hivi Ndivyo Unavyopata na Kubeba Hela ya Matumizi Bila Kukwama Ugenini

Tiketi umeshakata, viza imetoka na hoteli umeshalipia. Sasa bado hela ya kula, ya teksi, ya laini ya simu na ya dharura. Wasafiri wengi huliacha jambo hili hadi siku ya mwisho, kisha wanajikuta wamesimama mbele ya ATM ya watu, kadi inagoma, simu haina mtandao na mfukoni kuna shilingi ambazo hakuna anayezitaka.

Kanuni ya kwanza ni rahisi: hela yako isikae katika sura moja wala sehemu moja. Beba keshi kiasi, kadi mbili, na uwe na njia moja iliyopangwa mapema ya kutumiwa hela kutoka nyumbani. Moja ikigoma, nyingine ikuokoe.

Katika makala hii tutatumia safari ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki wanaijua: kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Dubai, kisha Guangzhou nchini China. Ndiyo njia ya wafanyabiashara wengi wa Kariakoo. Lakini hata kama unaenda India kwa matibabu, Uturuki kufuata nguo au Uingereza kumtembelea ndugu, mambo mengi ni yale yale.

1. Tenganisha hela ya mzigo na hela ya matumizi

Hili ndilo kosa kubwa la wanaokwenda kununua bidhaa. Hela ya mzigo na hela ya kula zikikaa kwenye bahasha moja, utajikuta umeona bei nzuri ya viatu siku ya pili, umelipa, na siku ya tano huna nauli ya kwenda uwanja wa ndege.

Hela ya mzigo ni vizuri ipite benki, kwa kumlipa muuzaji kwenye akaunti ya kampuni yake na upate ankara. Hela ya matumizi ndiyo unayotembea nayo. Makala hii inahusu hiyo ya pili.

2. Piga hesabu kabla ya kununua hata dola moja

Chukua karatasi. Andika idadi ya siku, kisha kadiria matumizi ya siku moja: chakula, usafiri, bando na maji. Tuseme, kwa mfano tu, umekadiria dola 50 kwa siku na unakaa siku 7. Hiyo ni dola 350.

Ongeza siku 2 za ndege kuahirishwa au mzigo kuchelewa, yaani dola 100. Ongeza dola 150 za dharura kama dawa, kubadilisha tiketi au simu kuharibika. Jumla ni dola 600. Hiyo ndiyo hela yako ya matumizi, siyo zile 350.

Usisahau gharama ambazo hazionekani wakati wa kulipia hoteli mtandaoni. Hoteli za Dubai zinatoza ada ya serikali ya kati ya dirham 7 na 20 kwa chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli, na mara nyingi unailipa ukifika mapokezi. Juu ya hapo, hoteli nyingi huomba dhamana, kwa keshi au kwa kuzuia kiasi fulani kwenye kadi. Hela hiyo inarudi, lakini inaweza kuchukua siku kadhaa. Kama kadi yako ina dola 200 tu na hoteli imezuia 150, umebaki na 50 za kutumia.

3. Kununua dola nyumbani: anza mapema

Dola ya Marekani bado ndiyo sarafu inayobadilishika kirahisi zaidi karibu kila unakokwenda. Kwa Mwafrika Mashariki ni bora kuondoka na dola kuliko kuhangaika kutafuta dirham au yuan Dar es Salaam, kwa sababu sarafu hizo huku ni chache na duka hukuuzia kwa bei ya juu.

Anza kununua wiki mbili kabla. Waliosafiri kutoka Tanzania mwaka 2023 na 2024 wanakumbuka jinsi dola zilivyoadimika. Ulikuwa unaambiwa upate kidogo leo na urudi kesho. Ukianza mapema hutalazimika kumfuata mtu wa mtaani.

Huyo wa mtaani mwache. Kubadilisha fedha bila leseni ya Benki Kuu ni kosa, na ukipewa noti bandia huna risiti wala pa kulalamika. Nenda benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni. Beba pasipoti, dai risiti na uitunze. Risiti hiyo ndiyo itakayoeleza ulikozipata hela hizo kama ofisa wa forodha atakuuliza.

Ukifika dukani utaona bei mbili ubaoni. Moja ni ya "kununua", nyingine ni ya "kuuza". Hizo ni kwa upande wa duka, siyo wako. Wewe unayetaka dola, bei yako ni ile ya kuuza, ambayo ndiyo kubwa. Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo faida ya duka. Ikiwa kubwa sana, vuka barabara uulize duka la pili. Uwanja wa ndege ndiyo sehemu ya mwisho ya kubadilisha, kwa sababu kule kwa kawaida tofauti hiyo inapanuka.

4. Kagua noti moja moja, usione aibu

Kisheria, Marekani haijawahi kufuta dola zake. Noti zote zilizotolewa tangu mwaka 1861 bado ni halali kwa thamani iliyoandikwa. Lakini sheria ya Washington haimlazimishi mwenye duka la Deira au Kigali kuzipokea. Maduka mengi ya Afrika na Asia hukataa dola za zamani, zile zenye picha ndogo ya kichwa, au huzinunua kwa bei ya chini. Pia hukataa noti iliyochanika, yenye mihuri, maandishi ya kalamu au doa la wino.

Kwa hiyo, ukiwa dirishani, omba noti za dola 100 zenye mkanda wa buluu. Hizo zilianza kutoka Oktoba 2013. Angalizo: noti hiyo mpya inaweza kuandikwa mwaka 2009, kwa sababu mwaka ule ni wa toleo la mchoro, siyo siku iliyochapwa. Angalia mkanda, usiangalie mwaka peke yake.

Kuitambua noti halali ya dola 100 ya mkanda wa buluu siyo kazi ngumu:

- Itikise huku ukitazama mkanda wa buluu. Vikengele na namba 100 vilivyomo vinasogea.
- Igeuze taratibu. Kengele iliyo ndani ya kichupa cha wino inabadilika kutoka rangi ya shaba kuwa kijani.
- Inyanyue kwenye mwanga. Utaona kivuli cha uso wa Benjamin Franklin upande wa kulia.
- Pitisha kidole begani kwake. Karatasi inakwaruza, haitelezi.

Chukua kiasi kikubwa kwa noti za 100, kwa sababu maduka mengi hutoa bei nzuri zaidi kwa noti kubwa. Lakini beba pia dola 5 na 10 chache. Ukitua usiku na duka limefungwa, noti ndogo ndiyo itakayokununulia maji na kumlipa mbeba mizigo bila kugombania chenji.

Na kama ndugu yako wa Ulaya amekupa pauni alizoweka kabatini, zitazame kwanza. Uingereza iliacha kupokea madukani noti zote za karatasi: ya pauni 5 mwaka 2017, ya pauni 10 mwaka 2018, na za pauni 20 na 50 tarehe 30 Septemba 2022. Sasa ni za plastiki tu. Zile za karatasi Benki Kuu ya Uingereza bado inazibadilisha, lakini mwenye duka hatazigusa. Vivyo hivyo India: noti za zamani za rupia 500 na 1,000 zilifutwa usiku wa tarehe 8 Novemba 2016.

5. Mpakani: sema ulicho nacho

Hapa ndipo hela halali inapogeuka kesi. Nchi nyingi zinakuruhusu kubeba keshi nyingi utakavyo, mradi ukivuka kiwango fulani utoe tamko kwa forodha. Kutoa tamko siyo kulipa kodi. Unajaza fomu, unaeleza hela ni za nini, unapewa nakala, unapita. Usiposema na wakazikuta, zinaweza kushikiliwa na ukafunguliwa mashtaka.

Tatizo ni kwamba kila mpaka una namba yake:

- Tanzania na Kenya: dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho kwa sarafu nyingine.
- Falme za Kiarabu: zaidi ya dirham 60,000, ambazo ni kama dola 16,300. Vito na madini ya thamani navyo vinahesabiwa.
- China: zaidi ya dola 5,000 za keshi unapoingia. Kwa yuan zenyewe, mwisho wa kubeba ni 20,000.
- India: zaidi ya dola 5,000 za noti, au zaidi ya dola 10,000 ukijumlisha noti na hundi za wasafiri.
- Umoja wa Ulaya: euro 10,000 au zaidi.
- Uingereza: pauni 10,000 au zaidi.
- Marekani: zaidi ya dola 10,000. Familia inayotoa tamko moja hujumlisha hela za wote.

Sasa angalia safari yetu. Mtu mwenye dola 8,000 anatoka Dar bila kujaza kitu, anaingia Dubai bila kujaza kitu, halafu anafika Guangzhou na anatakiwa kutoa tamko. Aliyezoea Dubai anapita njia ya kijani bila wasiwasi, na hapo ndipo anaponaswa. Kabla ya kusafiri soma tovuti ya forodha ya kila nchi utakayoingia, maana viwango hivi serikali huvibadilisha.

Jambo jingine: usibebe bahasha ya mtu. Awe jirani, awe mliyekutana kwenye foleni, ukikutwa nayo hela ni yako na maelezo utatoa wewe.

6. Hela ikae wapi mwilini na kwenye begi

Hela haiwekwi kwenye begi unalolikabidhi kaunta, hata siku moja. Mashirika ya ndege yanaandika wazi kwenye masharti yao kwamba fedha na vito visiwekwe humo, na zikipotea hawawajibiki. Begi la mkononi nalo lisiende kwenye kabati la juu likiwa na hela zote. Wizi wa ndani ya ndege upo, hasa safari ndefu za usiku abiria wakiwa wamelala.

Gawa hivi:

- Mkoba mwembamba wa kuvaa ndani ya nguo: keshi nyingi, kadi ya kwanza na pasipoti.
- Sehemu nyingine tofauti kabisa, kwa mfano ndani ya begi la mkononi kwenye mfuko wa zipu: kadi ya pili na dola 100 za dharura.
- Pochi ya kawaida mfukoni: hela ya siku hiyo tu.

Ukitaka kutoa hela kwenye mkoba wa ndani, nenda chooni au chumbani. Mtu anayeinua shati sokoni ameshawaonyesha watu hazina ilipo.

Hotelini tumia kasha la chumbani au la mapokezi kwa hela usiyoihitaji siku hiyo. Ukiweka mapokezi, hesabuni pamoja na uandikiwe. Na wenzako mnaosafiri pamoja, mtu mmoja asiwe benki ya kundi. Akiibiwa yeye, mmeibiwa wote.

7. Ukitua Dubai: ijue namba 3.67

Dubai ina faida moja kubwa kwa msafiri. Dirham imefungwa kwa dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirham 3.6725. Haipandi wala haishuki. Maana yake hapo huhitaji kuwa mtaalamu kujua kama unapunjwa.

Duka likikupa 3.65 au 3.66, ni bei nzuri. Likikupa 3.60, kwa kila dola 1,000 unaacha dirham 70 na ushee mezani. Likikupa 3.50, ni dirham 170 na ushee. Uliza swali moja tu: "Nikikupa dola 100 hizi, mkononi napata dirham ngapi, makato yote yakiwa yameshatoka?" Maana lipo duka linaloandika bei nzuri ubaoni kisha linakata ada.

Uwanja wa ndege badilisha kiasi cha teksi na chakula cha usiku ule tu. Kesho yake nenda maduka ya Deira au kwenye maduka makubwa, linganisha mawili matatu, kisha badilisha kilichobaki. Usibadilishe zote kwa mkupuo, maana dirham zikibaki utazirudisha kwa hasara.

Namba nyingine zinazofaa kukaa kichwani kwa nchi za jirani na hapo: riyali ya Saudia ni 3.75 kwa dola 1, na rial 1 ya Oman ni kama dola 2.60. Hizi nazo zimefungwa kwa dola.

8. Kadi: kazi yote inafanyika kabla hujaondoka

Kadi ya benki yenye nembo ya Visa au Mastercard inakubalika karibu kila hoteli na duka kubwa. Lakini kadi inayofanya kazi Mlimani City siyo lazima ifanye kazi Dubai. Wiki moja kabla, fanya haya:

- Piga simu au nenda benki, waambie nchi unazokwenda na tarehe. Omba kadi ifunguliwe kwa matumizi ya nje na ya mtandaoni. Benki nyingi huifunga kwa usalama.
- Uliza maswali matatu: makato ya kutoa hela ATM ya nje ni kiasi gani, makato ya kulipia dukani ni asilimia ngapi, na mwisho wa kutoa kwa siku ni kiasi gani.
- Angalia tarehe ya kadi kuisha. Zipo kadi zinazokufa katikati ya safari.
- Andika kwenye karatasi namba ya simu ya benki inayopigika kutoka nje. Ikiwa iko nyuma ya kadi tu na kadi imeibiwa, umekwisha.

Halafu kuna kitu ambacho wengi husahau: laini ya simu. Ukilipa mtandaoni au ukiingia kwenye programu ya benki, namba ya uthibitisho inakuja kwa SMS kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiitoa hiyo laini na kuweka ya Dubai, kadi ina hela lakini huna ufunguo. Kabla ya kuondoka, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Ukiwa na simu ya laini mbili, ya nyumbani ibaki kwa ajili ya SMS na uzime data yake isikule salio. Ya ugenini itumie kwa intaneti.

Wenye hela kwenye simu nao wana njia. Mitandao ya simu Tanzania na Kenya imeanza kutoa kadi za mtandaoni za Visa au Mastercard zinazounganishwa na salio la simu. Safaricom, kwa mfano, ilizindua M-Pesa GlobalPay pamoja na Visa mwaka 2022. Kadi hizi ni nzuri kwa kulipia hoteli na programu za usafiri, lakini haziingii kwenye ATM, hivyo zisiwe njia yako pekee.

Kama una akaunti ya dola, kadi yake inafaa sana nchi kama Falme za Kiarabu, ambako sarafu imefungwa kwa dola. Mabadiliko ya bei ya shilingi hayakugusi ukiwa safarini.

9. Mtego wa mashine: "Ulipe kwa sarafu ya kwenu?"

Umefika dukani, umechomeka kadi, mashine inakuuliza kama unataka kulipa kwa dirham au kwa shilingi, au kwa dola. Inaonekana kama wanakurahisishia. Siyo kweli. Ukichagua sarafu ya kwenu, anayebadilisha ni mashine ya muuzaji, kwa bei aliyojipangia mwenyewe.

Mfano: kitu cha dirham 367 ni sawa na dola 100. Mashine ikikuandikia dola 105, hizo 5 ni zawadi umewapa bila kujua. Chagua sarafu ya nchi uliyopo, kila mara. Kama muuzaji amekubonyezea bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya kabla hujaweka namba ya siri.

ATM nazo zina mtego huo huo. Zinakuonyesha kiwango na kukuuliza kama unakubali. Bonyeza kukataa ubadilishaji. Hela itatoka kama kawaida, ila benki yako ndiyo itakayobadilisha. Na kwa kuwa kila ukitoa kuna makato, toa mara chache kwa kiasi kikubwa kidogo kuliko kutoa vipande vipande kila siku. Tumia ATM iliyo ndani ya benki, saa za kazi. Ikimeza kadi, kuna mtu wa kumwambia.

10. China: simu ndiyo pochi

Ukitoka Dubai kwenda Guangzhou, mambo yanabadilika. China watu hulipa kwa kuskani alama kwenye simu, kwa Alipay au WeChat. Zamani mgeni alikuwa anataabika kwa sababu ilitakiwa akaunti ya benki ya Kichina. Siku hizi unaweza kuunganisha Visa au Mastercard yako.

Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani: pakua programu, jisajili kwa namba yako, weka taarifa za pasipoti na kadi, kisha subiri ithibitishwe. Ukisubiri ufike, SMS ya uthibitisho inaweza kukuangusha.

Malipo ya hadi yuan 200 kwa kadi ya nje hayana ada. Zaidi ya hapo kuna ada ya asilimia 3. Kwa chakula na teksi hutaigusa. Tatizo ni kwamba kadi ya nje hulipa wafanyabiashara waliosajiliwa; kumtumia mtu binafsi huwa haikubali. Mama anayeuza matunda kwa alama yake binafsi anaweza asipokee, na hapo keshi inakuokoa.

Kwa hiyo badilisha dola kiasi kuwa yuan benki, ukiwa na pasipoti. Foleni zipo, nenda asubuhi. Tunza risiti, utaihitaji ukitaka kurudisha yuan zilizobaki kuwa dola. Noti kubwa kabisa ni ya yuan 100. Keshi bado ni halali na sheria inakataza duka kuikataa, ila chenji inaweza kuwa shida, kwa hiyo vunja noti mapema.

Kwenye teksi, jihadhari na mchezo wa kubadilishiwa noti: unatoa 100, dereva anaigeuza chini, anakurudishia nyingine na kusema ni bandia. Lipa kwa simu, au kwa noti ndogo.

Tena kumbuka, WhatsApp haifanyi kazi kwenye mtandao wa China. Ukipata shida ya hela na unategemea kumtumia mkeo au kaka yako ujumbe kwa Wi-Fi ya hoteli, hautaenda. Laini yako ya nyumbani inayotumika nje kwa kawaida hupita, lakini mkubaliane kabla ya kuondoka njia mbadala ya kuwasiliana.

11. Hela imeisha au imeibiwa: fanya hivi kwa mpangilio

Kwanza, funga kadi. Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuifunga papo hapo. Kama simu nayo imeibiwa, azima simu upige ile namba uliyoandika kwenye karatasi. Dakika zina thamani hapa.

Pili, nenda polisi upate taarifa ya maandishi. Benki itaihitaji, bima ya safari itaihitaji, na ubalozi utaihitaji kama pasipoti imeenda nayo.

Tatu, tumia kadi ya pili na zile dola 100 ulizoficha. Ndiyo kazi yake.

Nne, tumiwa hela. Western Union na MoneyGram zina mawakala nchi nyingi. Ukitumiwa kwa Western Union unapewa namba ya tarakimu 10, kwa MoneyGram tarakimu 8. Anayetuma aandike jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Nyumbani unaitwa Mama Asha, lakini dirishani wanataka jina la pasipoti. Tofauti ya herufi moja inaweza kukurudisha. Kama pasipoti nayo imeibiwa, utahitaji kwanza hati ya ubalozi, ndiyo maana pasipoti na nakala yake visikae pamoja.

Ukiwa nchi jirani mambo ni mepesi zaidi. Tangu mwaka 2015, M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya zinatumiana hela moja kwa moja.

Ubalozi je? Nenda, maana Tanzania na Kenya zote zina ubalozi mdogo Dubai, na kazi yao ni pamoja na kukusaidia hati za kusafiria na kuwasiliana na nyumbani. Lakini usiende ukitegemea kukopeshwa nauli. Kwa kawaida wanakuunganisha na ndugu zako ndiyo watume.

12. Kabla ya kurudi nyumbani

Sarafu za chuma hazibadilishwi. Zimalize kwa maji, chai au nauli. Noti zilizobaki zirudishe kuwa dola ukiwa bado mjini, siyo uwanja wa ndege. Dola zilizobaki zitunze kwa safari ijayo kama ziko safi.

Ukirudi Tanzania, kumbuka kuwa tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Zile dola 20 zilizobaki usitegemee kumlipa nazo dereva wa teksi. Badilisha kwanza, au acha shilingi za teksi kwenye pochi tangu siku unaondoka.

Na wiki moja baada ya kurudi, pitia taarifa ya akaunti yako. Kama kuna malipo usiyoyajua, ripoti benki mara moja.

Orodha ya haraka: piga picha skrini uitunze

- Hesabu ya siku + siku 2 + dharura
- Dola safi za mkanda wa buluu, na noti ndogo chache
- Risiti ya kubadilisha fedha
- Kadi 2, sehemu 2 tofauti, zimefunguliwa kwa matumizi ya nje
- Laini ya nyumbani imewashwa kupokea SMS ukiwa nje
- Namba ya benki kwenye karatasi
- Nakala ya pasipoti, mbali na pasipoti yenyewe
- Kiwango cha kutoa tamko cha kila nchi utakayoingia
- Mtu mmoja nyumbani anayejua jina lako la pasipoti na yuko tayari kutuma hela

Huyo wa mwisho ongea naye kabla hujapanda ndege. Ukiwa na njaa Guangzhou saa tano usiku, kule nyumbani ni saa kumi na mbili jioni na wakala anakaribia kufunga.

Kama unamjua ndugu au rafiki anayejiandaa kusafiri, mtumie makala hii aisome kabla hajaenda kununua dola.